Mahali Moto Unapokataa

Gesima,
Jumapili, 7 Januari 1979

Mwanangu Moraa,

Kabla ya kushika kalamu nimeweka mkono juu ya daftari langu la sayansi la darasa la nane, lile lenye jalada la kijani ambalo hukuruhusiwa kulishika ulipokuwa mdogo, nikaahidi kwamba leo nitakuandikia yote. Hata yale yatakayokufanya unitazame kwa jicho jingine.

Sitaandika juu ya blanketi wala mafuta ya taa, wala jinsi ya kumsalimia mwalimu mkuu. Hayo umeyasikia wiki nzima hadi masikio yamechoka, na baba yako atayarudia kesho mkienda. Nimekutuma kwa shangazi zako ukawaage ili nipate meza hii peke yangu kabla jua halijatua. Barua utaikuta ndani ya sanduku lako, chini kabisa, katikati ya daftari lenyewe. Sasa ni lako.

Siku ile ilipokuja barua ya kukuita Itumbe ukafundishe sayansi darasa la sita, baba yako aliimba mpaka majirani wakaja. Mimi niliingia jikoni. Ulinifuata ukaniuliza, "Mama, mbona hufurahi?" Nikakujibu kwamba ni moshi. Haukuwa moshi. Nilikuwa nimesikia maneno mawili, sayansi na Itumbe, yakitajwa pamoja katika nyumba yangu.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Ekegusii chetu ni cha kuombea na kuombolezea, na nikiyaandika haya kwa Ekegusii nitalia nisimalize. Kiswahili nilifundishwa darasani, pamoja na jinsi ya kueleza jambo kuanzia mwanzo wake.

Unajua kwamba nilikuwa na kaka aliyeitwa Ombati, mtoto wa kiume wa pekee wa nyanya yako, na kwamba alikufa akiwa kijana. Ukiuliza alikufa kwa nini, watu wa kule nyumbani kwetu ng'ambo ya kijito hukuambia kwamba alirogwa. Mimi nawe tukiwa peke yetu uliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilikwambia, "Ni mambo ya zamani." Ulikuwa uongo wa mtu mwoga. Sikia sasa.

Babu yako alikufa mimi nikiwa na miaka saba. Alituacha na ng'ombe watatu, shamba la migomba na wimbi, na shimo la choo alilolichimba nyuma ya zizi bila kulimaliza. Lilikuwa na kina cha kama futi kumi na mbili. Nyanya yako alikuwa kiongozi wa akina mama katika kanisa letu la Wasabato, na bado ndiye. Lakini wimbi na migomba havikutosha kutusomesha, naye alikuwa ameapa kwamba mimi msichana nitasoma kama wavulana. Basi ndani ya shimo lile, Moraa, Ombati alishusha pipa, na ndani ya pipa nyanya yako alikoroga kangara: kimea cha wimbi, unga wa mahindi na sukari nguru, vinachacha siku kadhaa mpaka viwe tayari kwa mtu wa kule mtoni aliyepika chang'aa, ile pombe kali inayokatazwa na serikali. Machicha yaliyobaki tulikuwa tukiwapa ng'ombe, na kama mtu akisikia harufu kali tulisema ni chakula cha ng'ombe. Waumini walisifu jinsi ng'ombe wetu walivyonenepa.

Nilijua. Mimi ndiye niliyesaga kimea. Nilikuwa nikiimba nyimbo za Sabato huku nikisaga.

Sasa nikupeleke darasani. Mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Zakayo, alikuwa mtu mwembamba aliyevaa tai moja mwaka mzima. Alhamisi moja alikuja na chupa mbili, mpira mwembamba wa kupitishia hewa, na mshumaa. Chupa ya kwanza ilikuwa na maji ya uvuguvugu, sukari na chachu. Tuliitazama ikitoa povu. Akatueleza kwamba chachu ikila sukari hutoa vitu viwili. Cha kwanza ni kileo, ambacho hapa hatukitaki. Cha pili ni hewa, nayo ndiyo somo letu. Akaipitisha hewa ile katika maji ya chokaa, yakageuka meupe kama maziwa. Kisha akaijaza katika chupa ya pili, akawasha mshumaa, akaiinamisha chupa juu yake kama mtu anayemimina maji. Hatukuona kitu kikitoka. Mshumaa ukazimika.

Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, umemimina chupa tupu."

"Basi chupa tupu ina nguvu kuliko mshumaa," akajibu Mwalimu, "na huenda ina akili kuliko wewe. Nani anajua mahali pengine hewa hii inapopatikana?"

Mvulana yuleyule hakunyamaza. "Kwenye mtungi wa babu yangu, Mwalimu. Unachemka usiku kucha bila kuni."

Darasa zima liliangua kicheko, maana shule ilikuwa ya misheni. Mwalimu Zakayo alisubiri tumalize. "Babu yako angekuwa mwanasayansi mkubwa," akasema, "kama asingekunywa maabara yake."

Wote walicheka tena, isipokuwa mimi. Niliinama nikajifanya ninachonga penseli.

Fungua daftari, ukurasa ule niliotia jani kavu la mgomba. Utaona mwandiko wangu wa wakati ule, herufi za duara zilizosimama sawasawa. Kichwa ni "Kaboni dayoksaidi". Chini yake, Tabia: haina rangi, haina harufu ya kuitambulisha, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hukaa chini kama maji kwenye bonde, huzima moto, hugeuza maji ya chokaa kuwa meupe. Halafu, Matumizi: huumua mkate na mandazi, hutiwa katika soda, hujazwa katika mitungi myekundu ya kuzimia moto viwandani. Utaiona mitungi hiyo Itumbe, kwenye kiwanda cha majani chai. Halafu kuna kichwa cha tatu, Hatari, nimekipigia mstari kwa rula. Chini yake mistari ni mitupu.

Kengele ililia. Mwalimu Zakayo alikusanya chupa zake akasema, "Hatari tutaandika Jumatatu."

Ijumaa nilipotoka shule nilimkuta nyanya yako akifagia ua kwa haraka. Mhubiri mgeni angekuja kuhubiri siku ya Sabato, na wazee wa kanisa walikuwa wameamua kwamba chakula cha mchana kitaliwa kwetu. Ilikuwa heshima kubwa kwa nyumba ya mjane. Lakini pipa lilikuwa limejaa. Ombati alikuwa ametia sukari nguru mara mbili ya kawaida, kwa sababu yule mtu wa mtoni alitaka kangara nyingi Jumapili asubuhi, na harufu ilikuwa imeanza kupita zizi.

"Kerubo," mama akaniambia, "kafunike shimo. Lifunike kabisa. Nisisikie harufu hata nikisimama juu yake."

Siku nyingine shimo lilifunikwa kwa matawi tu. Kila asubuhi na kila jioni Ombati aliyaondoa, akakoroga pipa kutoka juu kwa mwanzi mrefu, akaliacha shimo wazi kwa muda. Kwa njia hiyo lilikuwa likipumua, ingawa hakuna aliyejua kwamba kupumua huko ndiko kulikotulinda. Alikuwa ameshuka humo mara nyingi kwa ngazi, akapanda tena akipiga mluzi.

Lakini Ijumaa ile nililaza mbao, nikaweka majani ya migomba tabaka tatu, nikachanganya udongo na samadi, nikakandika juu yake kama unavyonijua ninavyokandika ukuta, bila ufa hata mmoja. Nililainisha kwa kiganja. Nilijivunia kazi yangu. Ombati akaja akaniuliza, "Na jioni hii nisikoroge?" Mama akatazama jua lililokuwa linashuka kilimani. Sabato ilikuwa inaingia.

"Hukorogi," akasema. "Hata dhambi tuipumzishe siku moja."

Nimeifikiria sentensi hiyo maisha yangu yote. Mama hakuwa anafanya mzaha. Aliogopa kuvunja Sabato kuliko alivyoogopa polisi. Kwa kuwa tuliishika siku ile kwa uaminifu, kangara ilikaa tangu Ijumaa hadi Jumapili ikitoa hewa yake ndani ya shimo lililozibwa na mtoto aliyefundishwa vizuri. Mhubiri alikula wimbi na kuku, akausifu ua wetu kwa usafi. Kiti chake kilikuwa hatua kumi kutoka zizini.

Jumapili asubuhi, ng'ombe walipokwisha kukamuliwa, Ombati alivunja udongo wangu kwa jembe, akaondoa mbao, akateremsha ngazi. Mimi nilisimama ukingoni na kamba ya ndoo. Alikuwa na haraka, maana yule mtu alikuwa akingoja mtoni.

"Nikikawia," akaniambia huku akitabasamu, "mwambie mhubiri nimekwenda kubatizwa."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, mwanangu. Yalikuwa mzaha. Alishuka ngazi. Alipofika chini aliinama kuchukua ndoo, kisha akakaa, taratibu, kama mtu aliyechoka na safari, akaegemeza kichwa ukutani. Nilidhani bado ananichezea. Nikamwita. Nikamwita tena. Nikaanza kupiga mayowe, nikaweka mguu kwenye ngazi.

Mkono ulinishika gauni kwa nyuma ukanivuta mpaka nikaanguka. Alikuwa mama mkubwa Nyaboke, mke wa ndugu mkubwa wa baba yangu, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa ua. Alikuwa amekuja kuomba moto, kama tulivyofanya wote siku zile jiko likizimika: unakwenda kwa jirani na kicha cha nyasi kavu, unarudi kinawaka. Kicha chake alikuwa ameshakiwasha jikoni kwetu. Alikifunga kwenye ncha ya ule mwanzi wa kukorogea, akakishusha shimoni. Kilipofika kama kimo cha mtu kutoka chini, moto ulizimika. Haukufifia, ulizimika mara moja, kama ule mshumaa. Alikitoa, akakipuliza mpaka kikawaka, akakishusha tena. Ukazimika palepale.

"Moto umekataa," akasema. "Mahali moto unapokataa, mtu hashuki."

Baba yake alikuwa mchimba visima. Hayo nilikuja kuyajua baadaye.

Nilimpiga. Nilimuuma mkono hapa chini ya kidole gumba, nikasikia damu mdomoni. Hakuniachilia. Wanaume wakaja mbio, wawili wakataka kushuka, naye akafanya jambo ambalo watu hawakumsamehe kamwe. Aliivuta ngazi akaitoa shimoni. Alisimama nayo, mama mnene wa watoto wanne, akawakemea wanaume wazima: "Leteni kamba na ndoana. Atakayeshuka tutamzika pamoja naye." Walipopata ndoana na kumvuta Ombati, alikuwa ameshapoa.

Hakuna aliyelitazama pipa. Lilikuwa pembeni, limeegemea ukuta wa shimo, limefunikwa gunia. Baadhi ya wanaume wale walijua liko wapi, kwa kuwa ndio waliokuwa wakinywa kilichotoka humo. Jioni hiyohiyo walilijaza shimo udongo, wakasema ni shimo baya. Nao walikaa kimya kama sisi.

Baada ya mazishi ukoo ulikutana uani kwetu. Ndugu wa baba yangu, mume wa Nyaboke, alikuwa kazini Kericho na hakuwa amefika bado. Wazee wakakaa, na Nyaboke akasimamishwa mbele.

Mzee mmoja akamuuliza, "Kwa nini ulitoa ngazi?"

"Moto ulikataa."

"Moto ulikukataa wewe. Moto humkataa omorogi." Hilo ndilo neno letu la mchawi, na likishatamkwa mbele ya watu halirudi mdomoni.

Mwingine akasema, "Ombati akiondoka, shamba hili litakuwa la wanao. Ulijua umeweka nini mle, ndiyo maana ulikataza watu wasishuke."

Nyaboke alimtazama mama yangu kwa muda mrefu. Alijua habari za pipa. Ni nani angeishi ua mmoja nasi asijue? Neno moja tu lingemwokoa yeye na kumwangamiza mama: kanisa lingemfuta, polisi wangekuja, nami ningetoka shule siku hiyohiyo. Hakulisema neno lile. Alisema tu, "Shimo lilikuwa na hewa mbaya." Watu wakaguna. Ndipo akanigeukia.

"Kerubo alikuwepo," akasema. "Kerubo anasoma. Muulizeni huko shuleni wamefundishwa nini juu ya moto unaozimika."

Wakaniuliza. Yule mzee alinikunjia uso akasema, "Mwanafunzi, sema. Kuna kitu kama hicho?"

Mkono wa mama ulikuwa begani mwangu. Sikumbuki kama ulinibana au ulitulia tu. Nimejaribu kukumbuka kwa miaka ishirini na miwili, kwa sababu kama ulinibana ningekuwa na mtu wa kushiriki naye kosa. Nadhani ulitulia tu. Mbele ya macho yangu niliiona chupa, na mshumaa, na mwandiko wangu mwenyewe: ni nzito, hukaa chini, huzima moto. Nilijua, Moraa. Katika ua ule mzima, mimi peke yangu nilijua jina la kilichomuua kaka yangu, na njia yake yote, kutoka chachu hadi shimoni, na mikono iliyokandika udongo juu yake.

Nikasema, "Sijui."

Hawakumpiga Nyaboke. Watu wakisimulia husema tulimwonea huruma. Vijana walipanda juu ya nyumba yake wakaezua nyasi zote, akiwa ndani na watoto, mpaka mvua ya saa tisa ikamkuta hana paa. Alitoka na kapu kichwani na mtoto mgongoni, wengine watatu wakimfuata. Alipopita mlangoni kwetu mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa pale nilipomuuma. Mumewe aliporudi kutoka Kericho hakumfuata.

Niliporudi shuleni, Mwalimu Zakayo alikusanya madaftari. Alinirudishia langu akasema kwa upole, "Kerubo, sehemu ya Hatari hujaandika. Nakili kwa mwenzako."

"Nitanakili, Mwalimu."

Alingoja. Nadhani alikuwa amesikia habari za shimo, na alikuwa mtu mwenye akili. Kama angeniuliza mara ya pili ningemwambia. Hakuniuliza mara ya pili. Mwaka uliofuata niliacha masomo nikaolewa na baba yako, ukazaliwa wewe, na daftari nikalifunga katika kanga. Kila ninapokanda unga wa mandazi nikauona unaumuka chini ya kitambaa, najua ni hewa gani inayouinua. Wewe ulikuwa ukibonyeza donge kwa kidole na kucheka likitoa pumzi. Sikuwahi kukukataza. Hewa haina kosa, mwanangu. Inafanya inachofanya, kwenye mkate na kwenye shimo. Kosa lilikuwa la aliyeijua akanyamaza.

Nilikutana na mama mkubwa Nyaboke mara moja tu baada ya hapo. Ulikuwa darasa la nne, nilikuacha na baba yako nikaenda soko la Kisii. Nilichagua mkungu wa ndizi kwa mwanamke aliyeketi amejifunika leso, na aliponyoosha mkono kunipa nikaiona alama, chini ya kidole gumba, meno yangu yamepangwa kama mbegu. Nikainua macho. Alikuwa ameshanitambua zamani.

"Umekuwa mtu mzima," akasema. "Una watoto?"

"Nina msichana mmoja."

"Anasoma?"

"Anasoma."

Akanifungia ndizi kwa jani kavu. "Mfundishe kusema," akaniambia, kisha akamgeukia mteja mwingine.

Sikusema samahani. Nilibeba ndizi zile hadi nyumbani, zikaivia kwenye kapu, zikaoza. Hukuelewa kwa nini sikukuruhusu uzile. Jani lile kavu ndilo lililo ndani ya daftari. Tangu siku ile nilikufundisha kusema. Ulipobishana na baba yako mezani, na watu wakashangaa kwamba sikukunyamazisha, hiyo ndiyo sababu.

Nyaboke alihamia Itumbe baada ya kukaa kwa kaka zake. Anachuma majani chai karibu na kiwanda, na nyumba yake, wanasema, haiko mbali na shule yenu.

Leo asubuhi nilivuka kijito nikaenda kwa nyanya yako. Nilimkuta akipepeta wimbi. Nikamwambia, "Mama, kesho Moraa anakwenda Itumbe. Nitamwandikia habari za shimo."

Hakuinua kichwa. Alipepeta ungo mara tatu nne hivi. "Utaandika na pipa?"

"Na pipa."

"Na Sabato?"

"Yote, mama."

Akachambua kijiwe kutoka kwenye wimbi, akakitupa mbali kuliko ilivyohitajika. "Andika," akasema. "Lakini usinisomee." Nilipofika langoni aliniita, nikarudi. Alisema, "Nyaboke alipenda wimbi jekundu," akanijazia kibaba, akakifunga kitambaani. Ni kile kifurushi utakachokiona kando ya viatu vyako. Nyanya yako yu karibu na miaka sabini, na kesho kutwa waumini wanaweza kumwondoa kwenye kiti alichokalia tangu kabla hujazaliwa. Anajua hivyo. Amekipima kibaba kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa nitaandika ile sehemu iliyobaki tupu, kisha utaibandika mahali pake.

Hatari. Hewa hii haionekani na haimwonyi mtu kwa harufu yake. Panapochachishwa nafaka, sukari au matunda mengi ndani ya shimo, pipa au chumba kisicho na upenyo, hewa hii hujaa kutoka chini kwenda juu na kuisukuma ile tunayovuta. Anayeingia humo hulegea na kuzirai kabla ya kujua, na pumzi chache zinatosha kumuua. Anayemfuata kumwokoa hufa pia. Panapozimika moto usiingie. Lakini usiamini kwamba panapowaka ni salama, kwa kuwa hewa inaweza kumdhuru mtu kabla haijashinda mwali. Acha pawe wazi, paingizwe upepo, na mtu avutwe kwa kamba kutoka nje. Hayo yote aliyajua mwanamke mmoja asiyesoma, akamwokoa mwanafunzi.

Utakapofika kwenye somo hili na wanafunzi wako, anza na Hatari. Matumizi yanaweza kungoja Jumatatu. Na kama mtoto wa nyuma akisema habari za mtungi wa babu yake, usimcheke. Muulize mtungi uko wapi, na umefunikwa kwa kitu gani, na nani huufungua. Na ukimwona mtoto anainama kuchonga penseli ambayo imeshachongoka, muulize mara ya pili.

Kuhusu ukoo, sitangoja ruhusa ya mtu. Mwisho wa mwezi huu watakutana kugawa lile shamba la Ombati kwa watoto wa ndugu wote wa baba yangu, na watoto wa Nyaboke hawamo kwenye orodha kwa sababu ya jina la mama yao. Nitasimama palepale uani nitamke neno nililopaswa kulitamka. Baba yako nitamwambia mkishaondoka, akirudi. Naogopa, sikufichi. Lakini nimeogopa upande mwingine kwa miaka ishirini na miwili, na huo ulikuwa mbaya zaidi.

Kumwendea Nyaboke mwenyewe ni jambo jingine. Siwezi kujitokeza tu mlangoni kwa mtu niliyemtoa mlangoni kwake. Kwa hiyo nakuomba wewe, na ukikataa nitaelewa. Mtafute. Mpe kibaba cha wimbi na umwambie kimetoka kwa nani. Kisha msomee barua hii yote, polepole, na pale nilipoandika "Sijui" usipaharakishe. Akikufukuza, ondoka kwa heshima. Akinitukana, yaandike matusi yote kama yalivyo, usinipunguzie hata moja.

Nasikia sauti yako kwenye njia, unacheka na shangazi yako mdogo. Naifunga barua sasa nitoke nje kukupokea, nami nitajitahidi uso wangu usiseme chochote mpaka kesho.

Nijibu kwa posta ya kwanza, Moraa, neno hili moja tu: nikija Itumbe asubuhi na kicha cha nyasi kavu mkononi, nikasimama mlangoni kwa mama mkubwa Nyaboke nikamwomba moto, atanipa?

Mama yako,
Kerubo